Kuni Zilizomenywa Kama Viazi

Majuzi waliniletea gunia la mchele kutoka Kamsamba, na yule msukuma mkokoteni akalibwaga mlangoni kama anatupa mzoga. Mdomo wa gunia ukafunguka. Mchele ukaanza kumwagika barazani, na kuku wa jirani, ambao sijui huwa wanaambiwa na nani, wakawa wamefika. Kabla sijamaliza kutukana, mjukuu wangu alikuwa ameshapiga magoti, ameubana ule mdomo, anazungusha kamba huku anajisemea kwa sauti ndogo, "Kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia." Akavuta. Gunia likatulia.

"Nani amekufundisha hilo fundo?" nikamuuliza.

"Mwalimu wa skauti. Kwani unalijua, bibi?"

Kwani ninalijua! Nilikaa palepale kwenye ngazi. Naye, kwa kuwa aliniona nimekaa, akadhani ndiyo nafasi yake. Akatoa karatasi kwenye begi la shule. Kambi ya skauti, siku tano, mzazi au mlezi aweke sahihi.

"Wapi?"

"Milimani Ileje, bibi. Upande wa Mbebe. Kwenu kabisa!"

Alifurahi akidhani nami nitafurahi. Mimi nikaigeuza ile karatasi, nikailaza magotini.

Wewe unayenisoma, kama hujawahi kukutwa na ukungu wa Mbebe, hutajua ninachokiogopa. Watu wa Tunduma wanaogopa malori, wanaogopa vibaka, wanaogopa kusikia mpaka umefungwa. Mimi nimekaa hapa mpakani miaka mingi, nimebishana na madereva na Wazambia na maofisa, sijaogopa mtu. Ninaogopa weupe. Nikiona asubuhi ukungu umeshuka barabarani, hata huu mwepesi wa hapa mjini unaoondoka kabla chai haijachemka, nahesabu watoto walioko ndani. Hawajui kwa nini nawahesabu. Wanacheka tu.

Basi nikueleze.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wangu ana minane. Ilikuwa ile miaka vitu vilipoanza kurudi madukani. Sabuni ikaonekana, chumvi ikaacha kupangiwa foleni, mitumba ikaanza kuingia kwa marobota. Baba na mama wakashuka Tunduma kutafuta maisha, sisi tukabaki Mbebe kwa bibi. Siku ile anaondoka, mama alinishika bega akanisogeza pembeni. "Huyu ni wako," akaniambia, akimwonyesha mdogo wangu kwa kidevu. "Akichubuka, nitakuuliza wewe." Kisha akapanda gari. Neno lile nililibeba kuliko ndoo ya maji.

Sitakudanganya kwamba tuliteseka. Tulikula vizuri. Ugali wa ulezi, mweusi, unaoshika tumbo hadi jioni. Maharage mabichi yaliyochemshwa na maganda yake. Viazi vya kufukia kwenye majivu, unavitoa unavirusha mkono huu mkono huu mpaka vipoe. Nyumba nzima ilinuka moshi, nguo zilinuka moshi, hata daftari zangu zilinuka moshi. Mahali penye baridi kama pale moto haulali, na moto usiolala unataka kuni. Ndiyo maana mwanamke wa kwetu haruki kijiti kikavu. Anainama. Hata kama amebeba mtoto mgongoni na mzigo kichwani, anapiga goti, anakiokota, anakichomeka kwenye mzigo. Hasa mwezi wa nne, mvua zikiwa hazikatiki, kijiti kikavu cha kuwashia kilikuwa kitamu kama sukari. Kumbuka hilo neno, tutalirudia.

Mwalimu wa skauti alikuja shuleni kwetu mwaka huohuo. Hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa mfupi, sauti yake kubwa kuliko mwili, ana filimbi shingoni hata akienda kuoga nadhani alikuwa nayo. Alichukua mapazia ya kijani yaliyochakaa ya ofisi ya mwalimu mkuu, akayakata, akatushonea skafu. Sote, wasichana kwa wavulana. Mimi nikavaa pazia shingoni nikajiona nimekuwa askari.

Kijiji kilitucheka. Jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo, alikuwa akituona tunapita anashika kiuno. "Haya, jeshi la mapazia! Leo mnafundishwa nini? Kutembea?" Binti yake naye alikuwa kwenye kikosi cha wadogo, lakini hilo halikumzuia. Bibi yangu ndiyo kabisa. Siku ya kwanza nilipomsalimia kwa mkono wa kushoto, kama skauti wanavyosalimiana, aliupiga ule mkono kofi. "Peleka huko huko shuleni! Hapa tunakula na watu." Na nilipomwambia tumefundishwa kuwasha moto, alininyooshea mwiko. "Umekwenda shule kufundishwa kuwasha moto? Na mimi hapa miaka yote nilikuwa napuliza nini?"

Lakini kulikuwa na mambo ambayo bibi hakuwa ametufundisha. Mwalimu alitupanga uwanjani akatuambia mtu akipotea afanye nini, akaturudisha hapo kila wiki mpaka tukachoka. Ukipotea, simama. Usitafute njia, njia itakutafuta. Shika mti. Mkiwa wengi, fungeni skafu zenu ziwe kitu kimoja, mshikamane. Halafu gonga chochote ulichonacho mara tatu, nyamaza, sikiliza, gonga tena. Mara tatu maana yake nahitaji msaada. Mdogo wangu alikuwa anagonga kikombe chake cha bati nyumbani mara tatu kila akitaka uji, mpaka bibi akakificha.

Sasa ikaja Jumamosi ya kufuata alama. Kikosi chetu cha wakubwa kitangulie, kiweke mishale njiani kupanda mlima na kushuka upande wa pili hadi kwenye chemchemi. Baadaye kidogo waje wadogo sita peke yao, wafuate mishale, watukute tumeshachemsha viazi. Mwalimu awaruhusu wale wadogo waondoke, kisha azunguke na baiskeli kwa barabara ya chini aje kutukuta. Kazi ya kuweka mishale nilipewa mimi. Mimi, kati ya wote! Usiku huo hata usingizi sikuupata vizuri kwa kiburi.

Mwalimu aliniambia kwa mdomo wake, "Tumia mawe." Nakumbuka hadi leo. "Mawe hayana shida na mtu." Lakini mawe ya kule yamefunikwa matope na kuvu ya kijani, unayapanga huoni kitu. Mimi nilitaka mishale inayoonekana. Nilitaka watu waseme. Basi nikaenda kwenye kibanda cha jiko la shule, nikachukua vijiti vikavu, nikavibandua magome kwa kisu kimoja kimoja, vikawa vyeupe, laini, vizuri kama meno ya mtoto. Nikavifunga nikaweka mgongoni. Vitatu vitatu, kila panapogawanyika njia. Nilipoweka mshale wa kwanza kwenye ile nyasi iliyolowa, ulikuwa unang'aa. Nikaurudia kuutazama mara mbili.

Na pale juu, mahali njia inapogawanyika mara ya mwisho, nilipanga mkubwa kuliko yote. Kulia unashuka chemchemi. Kushoto unakwenda kwenye korongo. Lile korongo halina uzio wala jiwe la kukuonya. Unatembea kwenye nyasi, hatua inayofuata hakuna nyasi. Ng'ombe walikuwa wanaanguka mle mchana wa jua kali.

Tulifika chemchemi, tukawasha moto, tukateleka viazi. Ndipo ukungu ukashuka. Haukuja kama mvua inayokuja kwa kelele. Ulikuja kimya. Kwanza ulikula mlima, halafu miti, halafu nikaangalia wenzangu upande wa pili wa moto nikaona sauti tu, watu hakuna. Viazi vikaiva. Tukavila viwili viwili. Wadogo hawajafika.

Nikajiambia watafika, wana mishale yangu.

Tukasikia watu wanashuka. Nikasimama kwa furaha. Hawakuwa wadogo. Walikuwa wanawake wa kijijini wametoka kuni, mstari mmoja, wamelowa, na aliyetangulia ni bibi yangu na mzigo kichwani. Nyuma yake yule jirani. Wakatua mizigo wanywe maji. Bibi alikuwa na furaha zake siku hiyo, anacheka peke yake.

"Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita kwa utani, "leo Mungu kanikumbuka. Njia nzima kuni kavu! Tena zimemenywa kama viazi. Kila nikifika njia panda nakuta tatu zinanisubiri."

Akanionyesha. Vilikuwa vimechomekwa juu ya mzigo, fungu zuri. Vijiti vyangu. Vyote.

Sikufichi, nilijikojolea. Msichana wa miaka kumi na miwili, skauti, nimesimama na kijiko mkononi, maji ya moto yanashuka miguuni. Nilipoweza nikasema tu, "Bibi, hizo ni njia ya watoto."

Hakuelewa. Nikamweleza kwa kulia. Nikaona uso wake unazeeka nikiuangalia, kama mtu aliyepakwa majivu. "Na mdogo wako?" Nikatikisa kichwa. "Yumo?" Yumo.

Mwalimu akatokea kwenye ukungu anasukuma baiskeli. Swali lake la kwanza, "Wadogo wako wapi?" Akamtazama bibi, akatazama vijiti, akanitazama mimi. Hakunipiga. Bora angenipiga.

Yule jirani ndipo akakumbuka kuwa binti yake naye yumo. Akajitupa chini, akaanza kulia kile kilio cha msibani, kile cha kuita watu. Na wale wanawake wengine wakaanza kumfuata. Bibi akamgeukia. "Funga mdomo! Hapa hakuna maiti!" Nao wakaanza kupiga kelele za kuita, kila mtu jina la mwanawe, kila mtu upande wake, mlima ukajaa majina. Mwalimu akapuliza filimbi mpaka wakanyamaza.

"Mama zangu," akasema, "tukipiga kelele sisi, wao tutawasikiaje? Na tukitawanyika, jioni tutawatafuta na nyinyi. Naomba kamba."

Kamba? Wanawake wakaangaliana. Kisha bibi akainama, akafungua mzigo wake. Kuni zote zikamwagika kwenye matope, zile nzuri na zile mbaya. Akampa mwalimu kamba yake ya magome. Na wengine wakafungua, mmoja mmoja, kazi ya asubuhi nzima ikalala kwenye tope bila mtu kuiangalia. Mwalimu na sisi wakubwa tukaunganisha kamba. Ndiyo nikafunga, kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia, mwalimu anapita nyuma anavuta kila fundo.

Tukapanda tumeshika ile kamba, skauti na wanawake, jirani anajiziba mdomo kwa khanga. Kila hatua ishirini tunasimama. Filimbi mara tatu. Kimya. Wewe, kile kimya! Nimewahi kusikia tairi la lori likipasuka, nimewahi kusikia watu wakigombana kwa mapanga, sijasikia kitu cha kutisha kama kile kimya. Unasikia matone yanaanguka kwenye majani. Unasikia moyo wa mtu aliye mbele yako. Na ndani ya kile kimya mimi nilikuwa nasikia sauti ya mama, nitakuuliza wewe, nitakuuliza wewe.

Tulipofika njia panda ya juu palikuwa patupu. Nyasi imelala kidogo pale vijiti vyangu vilipokuwa. Mwalimu akachutama akagusa matope. Nyayo ndogo ndogo zilikuwa zimeelekea kushoto.

Bibi alinishika mkono, na nikagundua ameushika kwa kushoto.

Filimbi mara tatu. Kimya. Hatua kumi tu sasa, siyo ishirini. Filimbi. Kimya. Na halafu, mbali, chini kushoto, kama mtu anayeosha vyombo: tin, tin, tin.

Jirani akataka kukimbia. Wanawake wawili wakamkalia.

Mwalimu akafunga ncha moja ya kamba kwenye mti, akanifunga mimi kiunoni ncha nyingine, maana mimi ndiye mwepesi na ndiye ninayeijua sauti ya kile kikombe. Akaniambia niende kwa magoti, nipapase mbele kabla sijaweka goti. Nikaenda. Tin, tin, tin. Mkono wangu ukapapasa nyasi, nyasi, nyasi, kisha hewa. Nilikuwa ukingoni. Nikarudi nyuma, nikafuata ukingo kwa pembeni, na kamba ikaisha. Ikanivuta kiuno, basi. Na mbele yangu, karibu kabisa, nikaona kivuli cha mti mmoja mdogo na kitu cha kijani kimeuzunguka.

"Dada?" akasema.

"Msisogee! Hakuna anayesogea!"

"Hatusogei. Kwani tumesogea?" Sauti yake imekasirika kama ya mtu mzima. "Huyu ndiye alitaka kuondoka, nikamkalia." Alikuwa amemkalia binti wa jirani. Kweli. Skafu sita zimefungwa pamoja kuzunguka mti na viuno vyao, na yeye juu ya mwenzake, na kikombe mkononi. Hatua tatu kutoka kwenye korongo.

Kamba haikutosha. Nikavua skafu yangu, nikawaambia wanirushie ncha ya skafu zao, ile isiyofungwa mtini. Wakarusha, ikaanguka. Wakarusha tena, nikaidaka. Sasa ikabidi niunge. Nikaishika ile ncha yao na skafu yangu, niliyoipitisha kwenye kamba kiunoni, nikashindwa kuanza. Niliogopa mikono yangu mwenyewe. Hiyo ndiyo mikono iliyobandua vijiti. Kitu kizuri nilichokifanya asubuhi ndicho kilichowaleta hapa. Fundo hili nalo likikatika?

"Kulia juu ya kushoto," mdogo wangu akasema kutoka kwenye ukungu, kama ananifundisha. "Dada. Kulia juu ya kushoto."

Nikafunga. Nikavuta kwa uzito wangu wote. Likashika. Wakaja mmoja mmoja wameshikilia ile kamba ya mapazia, na mimi nawapitisha nyuma kwa mwalimu, nahesabu kwa sauti. Mmoja, wawili, watatu. Mdogo wangu aligoma kuja mpaka watano wapite. Alipofika nikamshika nikamvuta nywele kwa hasira, nikambusu, nikamvuta tena.

Jirani alimpokea binti yake kwa kofi, kisha akamkumbatia akaanguka naye chini. Hakutuita tena jeshi la mapazia. Na bibi? Vijiti vyangu alivirudia kwenye matope akavileta, na sikuelewa kwa nini. Aliviweka juu ya uchaga, pale moshi unapopita. Vikawa vyeusi, mwaka ukapita, mwingine ukapita, mvua zikanyesha tukakosa cha kuwashia tukaenda kuomba moto kwa watu, hakuvigusa. Nilimuuliza mara moja tu. Akasema, "Hizo siyo kuni." Ila toka siku hiyo, kila akinipa kitu, alinyoosha mkono wa kushoto kwanza, halafu anacheka, anabadilisha.

Mimi shule niliiachia darasa la sita, sioni aibu kusema. Ramani ya dunia imeshatoka kichwani. Lakini mtoto wa mwenzangu alipopotea hapa sokoni siku ya watu wengi, wanawake wote wakaanza kupiga yowe, mimi ndiye niliyepanda juu ya meza ya nyanya nikasema nyamazeni kwanza, shikaneni, twende kwa mstari. Tulimpata chini ya lori amelala. Na mdogo wangu leo ni muuguzi Itaka. Wajawazito wanamwogopa kuliko uchungu wenyewe. Nikimwona anavyoamrisha watu wasisogee, najua alianzia wapi.

Bibi tulimzika zamani. Ile nyumba ilibomolewa, uchaga na vijiti vyake sijui vilikwenda wapi, nadhani mtu alipikia chai. Mwalimu alihamishwa, hatukumsikia tena. Chemchemi wameitia bomba. Mlima wamepanda misonobari mistari mistari.

Basi nikamwambia mjukuu wangu haya yote, palepale kwenye ngazi, karatasi ikiwa magotini. Nilidhani ataogopa. Alisikiliza vizuri, kisha akasema, "Lakini bibi, siku hizi nani ataokota vijiti? Watu wanapika kwa mkaa na gesi."

Ni kweli. Nikatazama mtaa. Hakuna mwanamke hata mmoja anayepita na mzigo wa kuni. Na nikaogopa zaidi, maana kwa hiyo hakuna pia aliyebeba kamba.

Nikaweka sahihi. Jina langu ninajua kuliandika, na niliandika kubwa. Nikampa kikombe cha bati, akakataa kwa kuwa kina kutu, nikakitia kwenye begi kwa nguvu. "Mawe," nikamwambia. "Utumie mawe." Asubuhi akaondoka, skafu shingoni, siyo pazia siku hizi, kitambaa cha dukani. Akaninyooshea mkono wa kushoto. Nikaushika.

Leo ni siku ya tatu. Gunia lipo palepale mlangoni, limefungwa na fundo lake. Najua kulifungua, unasukuma ncha mbili tu linaachia. Sijaligusa. Mchele tunanunua kwa kipimo dukani, na jirani anauliza bibi vipi, una gunia zima unanunua kilo? Namwambia mwenye gunia hayupo. Akirudi atalifungua mwenyewe.